Kabla Hujatoa Chevelle ya Marehemu Baba kwa Hisani

Desemba ikianza kuyoyoma, simu yangu haitulii. Watu wanataka kutoa magari yao kwa mashirika ya hisani kabla ya tarehe 31 ili wapate nafuu ya kodi ya mwaka huo. Mwenye Corolla iliyochoka namjibu kwa dakika mbili: piga simu, watakuja kuivuta, umemaliza. Anayenifanya nivute kiti nikae ni yule mwenye Chevelle, GTO au Charger ya miaka ya 60 au 70 imefunikwa turubai gereji. Kazi yangu ni kuthamini magari ya zamani hapa Marekani, na hayo ya misuli, yenye V8 kubwa, injini ya silinda nane, ndani ya bodi ya kawaida, ndiyo ninayoyapenda kuliko yote. Naumia kuona moja linapakiwa kwenye breakdown kuelekea mnada wa jumla ambako hakuna anayejua ni nini.

Ndiko yanakoishia mengi. Mashirika mengi ya hisani hayapokei magari yenyewe. Yana kampuni ya kati inayoyachukua, kuyauza na kutoa gharama zake, kisha kinachobaki ndicho kinachofika kwenye shirika. Kwa Corolla utaratibu huo unatosha. Kwa Chevelle SS ya 1970, lile toleo lake lenye nguvu zaidi, ni hasara kwa kila mtu, maana mnunuzi wa mnada ule anatafuta gari la kuuza wiki ijayo.

Kwa hiyo swali langu la kwanza huwa: shirika hilo litalifanyia nini gari lako? Sheria ya kodi nayo inauliza hivyohivyo. Tangu 2005, ukidai zaidi ya dola 500 na shirika likaliuza gari bila kulitumia kwa kazi zake wala kulitengeneza kwa kiwango kikubwa, makato yako, yaani kiasi unachopunguza kwenye mapato yanayotozwa kodi, hayawezi kuzidi bei lililouziwa. Haijalishi mimi nimeandika thamani gani. Shirika linatakiwa likupe fomu 1098-C ndani ya siku 30 baada ya kuuza, na bei hiyo imeandikwa humo.

Hapo wengi wanadhani wamefika mwisho wa hesabu. Kuna kikwazo cha pili, na kwa magari haya ndicho kikubwa. Gari likiwa limepanda thamani mikononi mwako, na shirika lisilitumie kwa lengo lake la hisani, unakata kile tu ulichotumia kulipata na kulifufua. Chukua mtu aliyenunua Chevelle mwaka 1984 kwa dola 4,000, akaweka 11,000 kwenye injini na bodi, risiti zote anazo. Leo sokoni ni dola 60,000. Shirika likiiuza hata kwa 50,000, yeye anakata 15,000. Angeipeleka kwenye jumba la makumbusho la magari linaloiweka kwenye maonyesho, angeweza kuhesabu makato yake kwa thamani yote ya 60,000, ndani ya kikomo cha asilimia 30 ya mapato yake kwa mwaka, na kinachobaki akakipeleka mbele hadi miaka mitano. Ndiyo maana nawasihi watu: msitupe risiti za fundi.

Kwa aliyerithi mambo ni tofauti. Msingi wa hesabu yake ni thamani ya gari siku mwenyewe alipofariki, si bei aliyonunulia mzee. Kwa hiyo tathmini ifanyike mapema, wakati wa kugawa mirathi, isingoje miaka kumi.

Mahali ninapopenda kupataja ni McPherson College, mji mdogo wa McPherson katika jimbo la Kansas. Tangu 1976 wanafundisha ufufuaji wa magari ya zamani, na mpango wenyewe ulianzia kwenye magari aliyotoa mfadhili. Leo mwanafunzi anaweza kupata shahada ya kwanza kwa fani hiyo. Gari likitumika kufundishia pale, linafanya kazi ya chuo chenyewe, na sheria inalitambua hivyo. Ila upate uthibitisho wa maandishi: taasisi ikiliuza ndani ya miaka mitatu bila kuthibitisha matumizi hayo, sehemu ya makato yako inaweza kurudishwa kwenye mapato yako na kutozwa kodi.

Kama unachotaka ni fedha zifike kwa wagonjwa au watoto, basi ongea na shirika kuhusu mnada wa magari ya wakusanyaji. Barrett-Jackson ya Scottsdale, Arizona, huuza baadhi ya magari kwa hisani, na bei yote ya nyundo, yaani ile ya mwisho iliyotajwa mnadani, huenda kwenye shirika. Januari 2020 Corvette ya kwanza ya toleo jipya iliuzwa hapo kwa dola milioni 3 kwa ajili ya watoto wa Detroit. Chevelle yako haitafika huko, lakini itakuwa mbele ya watu wanaoijua.

Kujua kunaanzia kwenye namba. Kwa magari ya kuanzia 1968, bamba la namba ya chasi liko juu ya dashibodi upande wa dereva. Unalisoma ukiwa nje, kupitia kioo. Kwa Dodge na Plymouth za 1970, herufi ya tano inakuambia injini: ukikuta R, ilitoka kiwandani na Hemi, injini adimu ya inchi za ujazo 426, na hapo simama usiguse kitu. Chevelle ya 1970 haikupi raha hiyo. Namba yake ya chasi haisemi kama ni SS, kwa hiyo tafuta karatasi ya kiwandani inayoorodhesha gari liliundwa na vitu gani, ambayo mara nyingi imenata juu ya tangi la mafuta, na namba iliyogongwa kwenye bloku ya injini, mbele ya silinda hedi ya upande wa abiria. Ikilingana na ya chasi, yaani injini ni ileile ya kiwandani, thamani inabadilika kabisa.

Ukidai zaidi ya dola 5,000 kwa thamani ya soko, utahitaji tathmini ya mthamini anayestahili, isiyozidi siku 60 kabla ya kutoa gari, pamoja na fomu 8283, ile ya kodi ya kutangaza mchango usio wa fedha taslimu. Na kumbuka, haya yote yanamfaa anayeorodhesha makato yake moja moja kwenye ritani ya kodi. Anayechukua makato ya jumla, kiasi kimoja kilichopangwa na sheria, hapati kitu kwa kodi, ingawa shirika linafaidika vilevile. Mhasibu wako akupigie hesabu kabla hujatoa funguo.

Siku ya kukabidhi, jina la shirika liandikwe kwenye hati ya umiliki mbele ya macho yako. Usisaini nafasi ya mnunuzi ikiwa wazi. Vua pleti kama jimbo lako linataka, kisha toa taarifa kwa ofisi ya magari ya jimbo siku hiyohiyo, maana hadi taarifa hiyo ifike, faini ya maegesho ya atakayeliendesha itakuja kwako.