Mawanda ya kanuni za nidhamu za wanafunzi wa chuo kikuu

Mawanda ya kanuni za nidhamu ni mipaka inayoonyesha kanuni hizo zinamhusu nani, zinamfuata hadi wapi, kwa kipindi gani na kwa matendo ya namna gani. Kwa kawaida huelezwa katika vifungu vya mwanzo, vile ambavyo msomaji huviruka ili afike haraka kwenye orodha ya makosa na adhabu. Kuviruka ni hatari, kwa sababu kamati ya nidhamu, kabla ya kuuliza kama tendo fulani lilitendeka, inapaswa kujiridhisha kwamba ina mamlaka juu ya tendo hilo na juu ya mtu aliyelitenda. Pasipo mamlaka hayo hakuna shauri la kusikilizwa, hata kama tendo lenyewe linachukiza kila aliyelisikia.

Neno la kwanza linalohitaji kufafanuliwa ni “mwanafunzi”. Katika mazungumzo ya kila siku tunadhani tunalijua, lakini kanuni hulipa tafsiri yake maalumu, ambayo mara nyingi ni pana kuliko tunavyotarajia. Aliyesajiliwa kusoma kutwa, anayesoma jioni, anayesoma kwa masafa na aliyekuja kwa muhula mmoja kutoka chuo kingine wote huwa ndani yake. Vyuo vingi humjumuisha pia aliyeahirisha masomo, aliyesimamishwa, na aliyemaliza mitihani ya mwisho lakini bado hajatunukiwa shahada, kwa hiyo kutoonekana darasani hakumtoi mtu katika mikono ya kanuni. Wapo hata wanaobanwa baada ya kuhitimu: mtu akigundulika kuwa alidahiliwa kwa cheti cha kughushi, au kwamba tasnifu yake ni kazi ya mwingine, chuo kinaweza kuwa na mamlaka ya kumvua shahada miaka mingi baadaye. Kwa upande mwingine, mgeni aliyefika kutazama mchezo uwanjani hafungwi na kanuni za wanafunzi, na mfanyakazi ana kanuni zake za ajira. Mwanafunzi ambaye papo hapo ni msaidizi wa kufundisha huulizwa kwanza alikuwa katika nafasi ipi alipotenda alichokitenda.

Nguvu ya kanuni hizi hutoka katika sheria au hati iliyoanzisha chuo, na katika ridhaa ambayo mwanafunzi huitoa anapojisajili. Ndiyo maana zinaweza kumkataza mambo ambayo sheria ya nchi haiyakatazi, kama vile kuingia na simu katika chumba cha mtihani.

Suala linalozua ubishi mkubwa zaidi ni la mahali. Hakuna anayebisha kwamba madarasa, maktaba na mabweni yamo, na safari za mafunzo na mazoezi ya vitendo nje ya chuo nayo kwa kawaida yamo, kwa kuwa mwanafunzi huko yuko kwa niaba ya masomo yake. Lakini je, mtaani? Mwaka 1913 mahakama ya rufaa ya jimbo la Kentucky, Marekani, iliamua shauri la mwenye mkahawa aliyelalamika kwamba Chuo cha Berea kimewakataza wanafunzi wake kwenda kula kwake. Mahakama ilikipa chuo haki, kwa hoja kwamba chuo kinasimama mahali pa wazazi na kinaweza kuongoza mienendo ya wanafunzi kama mzazi anavyoweza kuongoza ya watoto wake. Kwa hoja hiyo mkono wa chuo haukuwa na mwisho. Leo wanafunzi wa vyuo vikuu huchukuliwa kuwa watu wazima, na hoja ya mzazi imepoteza uzito wake mwingi.

Mahali pake pamechukuliwa na kipimo cha uhusiano, yaani kama tendo lililofanyika nje lina uhusiano wa kweli na usalama wa wanajumuiya ya chuo au na uendeshaji wa masomo. Mwanafunzi aliyeko likizo, mbali kabisa na chuo, akimtumia mwenzake wa bweni ujumbe wa kumtishia maisha, umbali haumwokoi, kwani anayetishiwa atashindwa kurudi bwenini kwa amani. Mwanafunzi huyohuyo akigombana na jirani wa kwao juu ya mpaka wa shamba, chuo hakina la kusema. Kipimo hiki ndicho kinachofaa pia kwa yanayoandikwa katika mitandao ya kijamii.

Kifungu kinachonitia wasiwasi ni kile cha “kukichafulia chuo jina”. Kikisomwa kwa upana, kinaweza kumeza maandamano ya amani, makala ya kukosoa uongozi, na hata malalamiko ya haki kuhusu huduma mbovu. Kinapaswa kusomwa kwa ufinyu, na haki ya kutoa maoni isimame juu yake.

Kuhusu wakati, tendo hupimwa kwa kanuni zilizokuwa zikitumika siku lilipotendeka. Kosa lililoongezwa mwezi huu haliwezi kumkamata aliyetenda mwezi uliopita.

Tendo moja linaweza kuwa kosa la nidhamu na pia kosa la jinai. Njia hizo mbili hazizuiani, kwa sababu hazitafuti kitu kimoja: mahakama huamua kama mtu ana hatia mbele ya sheria ya nchi, ilhali kamati huamua kama anastahili kuendelea kuwa mwanajumuiya na kwa masharti gani. Kwa kawaida kiwango cha ushahidi katika kamati ni cha chini kuliko cha mahakama ya jinai, hivyo aliyeachiwa huru mahakamani anaweza bado kuitwa na kamati.

Mamlaka yakishathibitika, hubaki namna ya kuyatumia, na hapa kanuni ya kusikilizwa ni ya zamani sana. Mwaka 1718 Chuo Kikuu cha Cambridge kilimvua msomi wake Richard Bentley shahada zake bila kumpa nafasi ya kujitetea, na miaka michache baadaye mahakama ikaamuru arudishiwe. Jaji mmoja alikumbusha kwamba hata Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita ajieleze. Huko Alabama, Marekani, wanafunzi waliofukuzwa na chuo cha umma mwaka 1960, baada ya kudai kuhudumiwa katika mkahawa uliobagua watu weusi, walifukuzwa bila kuelezwa mashtaka wala kusikilizwa. Mwaka 1961 mahakama ya rufaa iliamua kwamba chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mwanafunzi kwa utovu wa nidhamu bila kumpa taarifa na nafasi ya kujitetea.

Kwa hiyo mwanafunzi anayepokea barua ya wito aangalie inataja kifungu kipi, cha toleo la mwaka gani, na tendo la tarehe ipi na mahali gani. Kama anaona tendo hilo liko nje ya mawanda, pingamizi hilo alilete kwa maandishi kabla shauri halijaanza kusikilizwa, kwa sababu likicheleweshwa hadi wakati wa rufaa, kamati inaweza kudai kwamba alikwisha kuyakubali mamlaka yake.