Vitanda vya kukunja: yanayosemwa na yaliyo kweli

Anayetafuta kitanda cha chumba kidogo husikia maonyo mengi, na baadhi yake humkosesha kitu ambacho kingemfaa. Linalotisha watu zaidi ni hili: "Kitanda cha ukutani kinaweza kujifunga ukiwa umelala."

Kitanda hiki hukunjwa kikasimama ndani ya kabati lililo ukutani. Springi au pistoni za gesi zinazokiinua hupangwa zibebe uzito wa fremu na godoro tu. Ukipanda juu, mwili wako unakikandamiza chini. Hatari yenyewe iko kwenye kabati lisiloshikizwa vizuri ukutani, kwa sababu ukikivuta kitanda, kabati zima huvutwa lije mbele. Skrubu zishike kwenye tofali, zege au nguzo za ndani ya ukuta. Jipsamu peke yake haitoshi. Ukibadilisha godoro, pima uzito kwanza: likiwa zito mno kitanda kitashuka kwa kishindo, likiwa jepesi mno hakitatulia chini. Tafuta fundi anayeijua kazi hii. Hapa si pa kubana pesa.

"Ni mtindo wa siku hizi." Sarah Goode, mfanyabiashara wa fanicha mjini Chicago, alipewa hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) mwaka 1885 kwa kitanda kinachokunjwa kikawa dawati. Alikuwa miongoni mwa wanawake Weusi wa kwanza kupata hataza Marekani, na anastahili kutajwa zaidi ya anavyotajwa.

"Kochi la kulalia huumiza mgongo." Mengine huumiza kweli, hasa yenye godoro jembamba lililokunjwa juu ya vyuma. Yenye chaga na godoro nene ni habari nyingine. Dukani usilijaribu kwa kukaa. Lifungue, ulale ubavu dakika kadhaa. Bega au nyonga ikigusa chuma, liache.

"Deka inamfaa mtoto yeyote." Kwenye kitanda hiki cha ghorofa, aliye chini ya miaka 6 asilale juu. Kanuni za Marekani zinataka kingo zipite uso wa godoro kwa sentimita 12.7 au zaidi, kwa hiyo mzazi anayeweka godoro nene ili mtoto astarehe huwa amezifupisha kingo bila kujua.

"Uvungu ni stoo ya bure." Ni stoo, ila godoro lazima lipumue. Jasho la usiku lisipopata njia ya kutoka, ukungu huota upande wa chini. Acha mianya kati ya chaga, usishindilie vitu hadi juu.

"Kikikunjwa tu, nafasi imepatikana." Pima kikiwa wazi. Bandika utepe sakafuni kufuata umbo lake, kisha fungua mlango wa chumba na wa kabati uone kama vinapita. Na kama kila usiku itabidi uhamishe meza kwanza, chagua kingine, maana baada ya muda utachoka na kitabaki wazi mchana kutwa.