Mzee Mwenye Watoto Naye Hulala na Njaa

Juma lililopita, tulipoketi mtaa wa Langoni, mjini Lamu, kupitia orodha ya mgao wa chakula, mfadhili mmoja aliyetusaidia sana alikata majina sita, akisema, “Hawa wana watoto, na huyu wake yuko Saudia.” Maneno hayo nimeyasikia miaka yote ya kuwahudumia wazee wa Lamu. Safari hii nimeona niyajibu kwa maandishi, kwa sababu sita hao ni watu ninaowapima mzunguko wa mkono kwa utepe kila mwezi, nione kama wanakonda, na ninajua utepe unasoma nini.

Mvuvi wa Kizingitini humtumia mama yake pesa kadiri bahari inavyomruhusu. Kusi inapovuma, takriban Aprili hadi Septemba, vyombo vidogo hukaa nanga siku nyingi, na mama naye hungoja. Sadaka zetu, kwa upande mwingine, hutoka kwa wingi Ramadhani, mwezi ambao kila mwaka hurudi nyuma kiasi cha siku 11 katika kalenda ya jua, na miaka hii umeangukia msimu wa kaskazi, samaki wakiwapo. Basi tunagawa kwa wingi wakati wa nafuu, na ifikapo Juni ghala ni tupu.

Wengine huniletea hoja ya zaka. Ni kweli kwamba mtoto hawezi kumpa zaka mzazi ambaye ni wajibu wake kumlisha, kwa kuwa atakuwa anajilipia deni lake mwenyewe. Hata hivyo, katazo hilo ni la mtoto huyo, wala halimfungi jirani pale ambapo matunzo hayamfikii mzee. Wapo pia wanaosema serikali imekwisha kuwatosheleza. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee fedha, huanzia miaka 70 na ni shilingi 2,000 kwa mwezi; mwenye miaka 66 hayumo, na aliyemo hana budi kuzigawa kati ya chakula, dawa na maji.

Linalonikera zaidi ni dhana kwamba gunia likiingia nyumbani, mzee amekula. Bibi mwenye wajukuu watano hujipakulia mwisho, naye akiulizwa hujibu kwamba ameshiba, kwa sababu sitara kwake ni kubwa kuliko njaa. Hatatoka kupanga foleni ya msaada mbele ya watu waliomjua akiwa na uwezo, na hatamshtaki mwanawe kwa mgeni, kwa hiyo swali la “Je, watoto wanakuangalia?” halina faida yoyote likiulizwa barazani. Mimi huomba kuingia jikoni, nikatazama kuni, maji na chungu cha jana. Nimewahi kukuta mahindi makavu na maharagwe tuliyoyaleta sisi wenyewe wiki tatu kabla, hayajaguswa, kwa mama asiye na meno wala mtu wa kumchotea maji ya kuyachemshia saa tatu. Tulikuwa tumemwandika kwamba amehudumiwa.

Mwili wa mzee hupoteza nyama hata asipougua, hamu ya kula hupungua, na kiu haimwamshi kama zamani. Ndiyo maana wataalamu wengi hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, zaidi ya 0.8 za mtu mzima wa kawaida. Unga peke yake haufiki huko. Mayai, maziwa na samaki aliyechambuliwa miiba hufika, na ng'onda, yaani samaki aliyekaushwa, akilowekwa na kupikwa hadi akalainika.

Nina mashaka yangu pia. Hakuna kipimo kimoja cha mkono wa mzee ambacho wataalamu wote wamekubaliana nacho, nami huamua kwa utepe, kwa macho na kwa mazungumzo, kwa hiyo huenda nimemwacha anayestahili. Sijapata jibu la nyumba yenye watu wanane na mzee mmoja: nikimletea yeye peke yake, nitamlazimisha ale mbele ya watoto wenye njaa, nikiwalisha wote, wazee wengine wawili watakosa. Kwa sasa tunapeleka uji wa maziwa uliokwisha kupikwa, asubuhi, wajukuu wakiwa shuleni, na aliyeupeleka huketi na mzee hadi amalize.

Majina sita nimeyarudisha katika orodha, na nimemwomba mfadhili wetu tufuatane Jumatatu, aingie jikoni mwa yule ambaye mtoto wake yuko Saudia.