Je, wajua kwa nini chama cha Labour kilirudi madarakani kwa kuahidi machache?

Hudhaniwa sana kwamba chama cha upinzani kilichopoteza imani ya wananchi huirudisha kwa ahadi nono kuliko za serikali. Labour ya Uingereza, iliyoshindwa mara nne mfululizo kuanzia 1979, ilikuwa imeshalijaribu hilo: mwaka 1992 iliahidi kuongeza pensheni na posho za watoto, ikataja waziwazi kodi za kuzigharamia, na chama cha Conservative, kilichokuwa madarakani, kikapata hoja ya kampeni nzima. Wengine husema ushindi wa 1997 uliletwa na tabasamu la Tony Blair, ilhali Labour ilikuwa ikiongoza katika kura za maoni kabla hajashika uongozi Julai 1994.

Shida ya ahadi ni kwamba haimgharimu kitu anayeitoa. Mtu mwenye deni la zamani akirudi dukani kukopa, kuapa hakumsaidii, kwa kuwa hata tapeli huapa. Kinachomsaidia ni kuacha baiskeli yake rehani, ili asipolipa aumie yeye kwanza. Rehani ya Labour ilianza Aprili 1995, ilipokiandika upya kifungu cha nne cha katiba yake, kilichotokana na mwaka 1918 na kudai umiliki wa pamoja wa njia za uzalishaji mali. Kifungu hicho hakikuwa kikitekelezwa, lakini wanachama wakongwe walikienzi, na maumivu yao ndiyo yaliyoipa rehani thamani. Januari 1997 Gordon Brown, msemaji wa chama kuhusu fedha, aliongeza nyingine: viwango vya kodi ya mapato havitapanda, na kwa miaka miwili Labour itafuata ukomo wa matumizi uliowekwa na serikali iliyokuwa ikiipinga. Kichekesho ni kwamba Kenneth Clarke, waziri wa fedha aliyeuweka ukomo huo, alikuja kusema yeye mwenyewe asingeufuata.

Ni vigumu kupima rehani hizo zilichangia kiasi gani, maana sifa ya Conservative katika uchumi ilikuwa imeporomoka tangu 16 Septemba 1992, pauni ilipolazimika kutoka katika mfumo wa Ulaya wa viwango vya kubadilishana fedha. Isitoshe, Labour ilipata viti 418 kwa kura takriban milioni 13.5, pungufu ya milioni 14.1 ambazo Conservative ilishindia mwaka 1992. Huenda basi wengi waliokuwa wakiiogopa Labour hawakuanza kuipenda. Walipungukiwa tu na sababu ya kwenda kituoni kuizuia.