Maoni Safi ya Mkaguzi Yanasema Nini Hasa

Mwekezaji anayefungua ripoti ya mwaka ya kampuni kwa kawaida hukimbilia faida, kisha gawio, na anapofika kwenye ripoti ya mkaguzi wa nje hutafuta maneno machache tu: kwamba taarifa za fedha zinaonyesha kwa usahihi, katika mambo yote yenye uzito, hali ya kifedha ya kampuni. Hayo ndiyo huitwa maoni safi. Akishayaona, hufunua ukurasa unaofuata akiwa ametulia. Wanafunzi wa uhasibu, ambao hutaja aina za maoni ya ukaguzi bila kukosea hata moja, nao husoma ripoti halisi kwa namna hiyohiyo. Utulivu huo una msingi, ila ni msingi mwembamba kuliko wengi wanavyodhani.

Mkaguzi huulizwa swali moja: je, hesabu zilizotayarishwa na menejimenti zimefuata viwango vya uhasibu, na je, hazina dosari kubwa, iwe imetokana na makosa au na udanganyifu? Mwekezaji ana swali lingine, nalo ni kama fedha yake itarudi na ziada. Kampuni inayopata hasara mwaka baada ya mwaka na kukopa ili ilipe mishahara inaweza kupewa maoni safi kabisa, mradi hasara na mikopo hiyo imeandikwa inavyostahili na kuelezwa bila kuficha. Maoni safi yanahusu uandishi wa hesabu. Ubora wa biashara yenyewe haumo.

Neno linalobeba uzito mkubwa zaidi katika sentensi ile ya maoni ni hilohilo “uzito”. Mkaguzi hakagui kila stakabadhi. Mwanzoni mwa kazi hupanga kiwango ambacho dosari ikikivuka inaweza kubadili uamuzi wa msomaji wa hesabu, na kipimo kinachotumika sana, ingawa si sheria, ni asilimia 5 ya faida kabla ya kodi. Tuseme faida hiyo ni milioni 200. Kiwango kitakuwa milioni 10. Dosari za jumla ya milioni 7 zikigunduliwa na menejimenti ikakataa kuzirekebisha, mkaguzi anaweza bado kutoa maoni safi. Lakini haruhusiwi kutazama ukubwa wa tarakimu peke yake, kwa sababu dosari ndogo inayogeuza hasara kuwa faida, au inayoiwezesha kampuni kutimiza sharti la mkopo wa benki, ni nzito hata kama iko chini ya kiwango. Nchini Uingereza ripoti za ukaguzi wa kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa zimekuwa zikikitaja kiwango hiki tangu mwaka 2013. Pale kinapotajwa, nashauri kisomwe kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa ndicho kinachoonyesha mkaguzi alikuwa akitafuta makosa ya ukubwa gani.

Jambo la pili ni ushahidi. Mwaka 1896, katika kesi ya Kingston Cotton Mill, mahakama ya Uingereza ilisema kwamba mkaguzi ni mbwa wa kulinda, si mbwa wa kunusa nyayo. Meneja wa kiwanda kile alikuwa ameongeza thamani ya pamba na nyuzi zilizokuwa ghalani kwa miaka kadhaa, na wakaguzi walikuwa wakipokea cheti chake bila kwenda kuhesabu. Mahakama haikuwatia hatiani. Siku hizi kazi ya namna hiyo isingekubalika, maana bidhaa za ghalani zikiwa na uzito katika hesabu, viwango vinamtaka mkaguzi ahudhurie zoezi la kuzihesabu. Hata hivyo kiini cha tatizo hakijaondoka: ushahidi uliopita mikononi mwa anayekaguliwa ni dhaifu.

Chukua barua ya benki, karatasi ambayo mwanafunzi wa mafunzo kazini huiona kama kazi ya tarishi. Utaratibu wake ni kwamba mkaguzi mwenyewe huiandikia benki, nayo humjibu yeye moja kwa moja, ikithibitisha salio la akaunti, mikopo na dhamana zilizowekwa. Kila hatua inayoipeleka barua hiyo ofisini kwa mteja, hata kwa nia ya kuharakisha kazi, inafungua mlango. Kampuni ya vyakula ya Parmalat ya Italia ilianguka Desemba 2003 baada ya benki iliyodaiwa kushikilia takribani euro bilioni 3.95 za kampuni yake tanzu kusema kwamba akaunti hiyo haipo na kwamba waraka uliothibitisha salio lile ulikuwa wa kughushi. Mwaka 2020 Wirecard ya Ujerumani ilikiri kwamba euro bilioni 1.9 zilizoandikwa kwenye mizania yake huenda hazikuwahi kuwapo, na benki mbili za Ufilipino zilizotajwa kuzihifadhi zikasema nyaraka zilizoonyeshwa ni za uongo. Katika mikasa yote miwili, kilichoyeyuka ni fedha taslimu, ambayo wawekezaji wengi huihesabu kuwa mali isiyo na shaka kuliko zote.

Tukija kwenye sehemu ya ripoti ninayoiona kuwa na thamani kubwa kuliko sentensi ya maoni: masuala muhimu ya ukaguzi. Kiwango cha Kimataifa cha Ukaguzi namba 701, kinachohusu hesabu za vipindi vinavyoishia Desemba 15, 2016 na baadaye, kinamtaka mkaguzi wa kampuni iliyoorodheshwa aeleze masuala yaliyomshughulisha zaidi, kwa nini yalimshughulisha, na alifanya nini juu yake. Hapo ndipo mkaguzi anapotuonyesha tarakimu zipi zimejengwa juu ya makadirio.

Carillion, kampuni kubwa ya ujenzi na huduma ya Uingereza, ilipata maoni safi kwa hesabu za mwaka 2016. Ripoti hiyohiyo, hata hivyo, ilitaja waziwazi maeneo mawili: mapato na faida ya mikataba ya muda mrefu, na thamani ya nembo na sifa iliyotokana na kampuni ilizozinunua. Julai 2017 ikatangaza kupunguza thamani ya mikataba yake kwa pauni milioni 845, na Januari 15, 2018 ikaingia kwenye ufilisi. Mwaka 2023 msimamizi wa wakaguzi nchini humo aliitoza kampuni iliyoikagua faini ya pauni milioni 21, kwa hiyo siwezi kusema kwamba kazi ya ukaguzi ilikuwa sawa. Ninachosema ni kwamba msomaji aliyeishia kwenye maneno “kwa usahihi” alipitwa na onyo lililokuwa limechapishwa kwenye kurasa zilezile.

Iko pia aya inayowapita wengi, kwa sababu hukaa ndani ya ripoti yenye maoni safi. Kichwa chake hutaja shaka kubwa kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli zake. Menejimenti ikiwa imeieleza shaka hiyo kikamilifu kwenye hesabu, mkaguzi habadilishi maoni yake. Huongeza tu aya hiyo na kumwelekeza msomaji kwenye maelezo husika. Mtu anayesema “hesabu ni safi” bila kuitafuta anaweza kuwa ananunua hisa za kampuni ambayo wakurugenzi wake wenyewe hawana uhakika kama itamaliza miezi 12 ijayo.

Kuhusu maoni yasiyo safi sina mengi. Maoni yenye shaka hutenga eneo lenye kasoro na kukubali yaliyobaki. Maoni yasiyoridhisha hukataa hesabu kwa ujumla wake. Na mkaguzi aliyekosa ushahidi wa kutosha katika mambo mazito na mapana hushindwa kutoa maoni.

Mwenye hisa ana nafasi moja ambayo hutumika kidogo mno. Katika mkutano mkuu wa mwaka, ajenda ya kuteua mkaguzi hupitishwa kwa mikono kunyooshwa ndani ya dakika moja. Hapo anaweza kuuliza kwa nini mkaguzi wa awali ameondoka, ada ya huduma nyingine ambazo mkaguzi wa sasa anaiuzia kampuni ni kiasi gani ikilinganishwa na ada ya ukaguzi, na ni dosari zipi alizozibaini ambazo menejimenti haikuzirekebisha.