Kilaptop cha mwalimu na uvumi wa biti 32

Mwalimu mmoja alipanda meli kutoka Nansio, Ukerewe, akiwa na kilaptop kidogo ndani ya mfuko wa rambo, akakileta mezani kwangu hapa Makoroboi, Mwanza, ninakotengeneza kompyuta. Alitaka apigiwe Debian, mfumo endeshi wa bure wa familia ya Linux, mpya kabisa, toleo la 13, lililotoka Agosti 2025. Nikachoma flash, nikajaribu, mashine ikagoma. Prosesa yake ni Atom N270 ya mwaka 2008, biti 32 tupu, aina iliyotangulia zile za biti 64, na toleo la 13 halina tena kerneli (kiini cha mfumo) wala programu ya kusimika kwa mashine za namna hiyo. Mafundi wenzangu wakasogea, kila mmoja na lake. Maneno yale nayasikia karibu kila wiki, na mengi hayana ukweli.

"Watengenezaji wa Linux wamezitupa mashine hizi kwa sababu ni za kizamani."

Hili ndilo linalorudiwa kuliko yote. Prosesa ya Motorola 68000 ilitoka mwaka 1979, na familia yake bado imo kwenye kerneli ya Linux. Metag, aina nyingine ya prosesa, iliingizwa kwenye kerneli mwaka 2013 na kufutwa 2018 katika toleo la 4.17, pamoja na aina nyingine saba za prosesa. Ilikaa miaka mitano tu! Itanium, prosesa ambayo Intel iliizindua mwaka 2001 kwa mbwembwe nyingi, ikaondolewa katika toleo la 6.7 la Januari 2024. Kama uzee ndio ungekuwa kigezo, Motorola ingetangulia kaburini zamani sana.

Swali linaloulizwa ni hili: yupo mtu? Yaani mtu mwenye mashine hiyo mezani, anayeijaribu kila toleo linapotoka, na hitilafu ikionekana anakaa chini kuitengeneza. Motorola ina wapenzi wa namna hiyo mpaka leo. Metag haikuwa nao tena. Hapa ziwani tuliona kitu kama hicho kwa karabai za wavuvi wa dagaa: karabai ukiijaza mafuta inawaka vilevile kama zamani, ila mtafute fundi wa kuizibua uone utakavyozunguka.

"Msimbo ukishaandikwa, kuuacha ulipo hakugharimu kitu."

Linux yenyewe ilizaliwa mwaka 1991 kwenye kompyuta ya Linus Torvalds, mwanzilishi wake, yenye prosesa ya Intel 386. Desemba 2012 Torvalds huyohuyo alikubali 386 itolewe, na toleo la 3.8 likatoka 2013 bila hiyo. Alisema wazi kwamba haoni sababu ya kuisikitikia. Tatizo lilikuwa kwamba 386 haina baadhi ya amri zilizokuja na 486, prosesa iliyoifuata, kwa mfano ile ya kulinganisha thamani na kuibadilisha kwa hatua moja. Kila aliyegusa sehemu hizo za kerneli ilimbidi aandike njia ya kuzungukia upungufu huo, kwa ajili ya mashine ambazo karibu hakuna aliyekuwa akiziwasha.

Kwa Debian mzigo ni mwingine. Kila programu lazima ijengwe upya kwa kila aina rasmi ya prosesa, na ikikwama kwa aina moja inaweza kuwachelewesha wote. Programu kubwa kama vivinjari zimenenepa kiasi kwamba kuzijenga ndani ya mipaka ya biti 32, yaani gigabaiti 4 za anwani za kumbukumbu, ni shughuli pevu. Chrome iliacha Linux ya biti 32 mwaka 2016, Firefox ikafuata 2025. Sasa hata ukiwa na mfumo, utafungulia nini intaneti?

"Wanatulazimisha tununue mpya."

Debian haiuzi kompyuta. Ni watu wa kujitolea tangu 1993. Hata hivyo sitaki kuwacheka wanaolalamika, kwa maana lipo jambo la kweli ndani yake. Debian ina programu ndogo ya kuhesabu, popcon, inayotuma kila wiki orodha ya vifurushi vilivyosimikwa pamoja na aina ya prosesa. Wakati wa kusimika unaulizwa kama unataka kushiriki, na jibu lililowekwa tayari ni hapana. Sisi mafundi tunabonyeza tu twende. Halafu mashine yenyewe inakaa Ukerewe au Sengerema, inaonja bando mara moja kwa mwezi. Wanaopima wakitazama takwimu zao, sisi hatumo. Hakuna aliyetufukuza, hatukuonekana.

Wingi wa watumiaji nao si kigezo pekee. OpenBSD, mfumo endeshi mwingine wa bure, inaendelea na sparc64, prosesa inayopanga baiti kinyume na hizi zetu na isiyovumilia data iliyokaa vibaya kwenye kumbukumbu, kwa sababu huko makosa yanajitokeza ambayo kompyuta ya kawaida ingeyameza kimya.

"Basi madesktop yetu yote ya mtumba yamekwisha."

Hapana. Mama mmoja wa steshenari kule Igoma alikuwa ameshaanza kuuza yake kwa bei ya chuma chakavu. Nikaandika lscpu, amri ya Linux inayoeleza prosesa: biti 32 na 64. Ilikuwa Core 2 Duo, familia iliyoanza 2006, ina biti 64 tangu kiwandani. Aliyempigia Windows ndiye aliyeweka ya biti 32. Angalieni vizuri lakini: Core Duo, isiyo na ile 2, haina biti 64. Wengi wanachanganya hapo.

"Ukiwa na biti 64 umemaliza."

Bado. Red Hat, Linux ya makampuni, toleo la 10 linataka kiwango cha tatu cha biti 64, yaani prosesa yenye amri mpya zaidi, ambacho kwa Intel kilianza na prosesa za Haswell mwaka 2013. Ile Core 2 Duo ya mama haiingii. AlmaLinux 10, mfumo wa bure unaofuata Red Hat, wao wametoa pia nakala ya kiwango cha pili, ambacho nacho Core 2 Duo haikifikii. Debian ya biti 64 inaikubali bila maneno.

Kilaptop cha mwalimu nikakipigia Debian 12, ya Juni 2023, ambayo bado ina kerneli ya biti 32. Lilipokuja swali la popcon, nikabonyeza ndiyo. Akauliza itakula bando kiasi gani. Nikamwambia kidogo sana, akakirudisha kwenye rambo na kuwahi meli.