Macho kuvimba kila asubuhi sio aleji ya vumbi, pima mkojo

Wiki hii peke yake nimesikia mara nne, "dokta mimi ni aleji tu ya vumbi ndo maana naamka nimevimba macho." Wote ni watu wazima ambao hawajawahi hata kupiga chafya ya maua. Nipo kliniki ya figo hapa Moshi na hakuna maneno yanayonicheleweshea wagonjwa kama hayo, kwahiyo naomba leo mnisikilize.

Figo ikianza kuvujisha protini kwenye mkojo, mwili unashika chumvi na maji, na maji yanatoka kwenye damu yanaenda kukaa kwenye nyama. Ukilala yanajaa usoni, kwenye ile ngozi laini ya macho. Ukisimama yanashuka miguuni. Hapo ndo watu wanaponaswa. Mama mmoja anauza mitumba Kiboriloni, akifungua belo vumbi linamjaa, kwahiyo kila mtu akamwambia ni aleji. Asubuhi anaamka kavimba anameza setirizini, dawa ya aleji ya duka la dawa, saa sita uso umenywea, anasema dawa imefanya kazi, kumbe haijafanya chochote, ni maji yameshuka tu. Jioni viatu vinambana, anasema ni kusimama juani. Miezi minne anaenda hivohivo!

Nilibonyeza mguu wake mbele ya mfupa kwa kidole gumba nikahesabu mpaka kumi, nikatoa, shimo likabaki tunaliangalia wote wawili. Nikamuuliza mkojo ukoje. "Una povu kama mbege dokta, nikajua ni sabuni ya chooni." Kijiti cha mkojo kikageuka kijani kilichokolea, protini plasi tatu, yaani nyingi sana. Uvimbe wa aleji mara nyingi unakuja ghafla, unawasha, unakaa jicho moja au upande mmoja wa mdomo, na siku moja mbili umekwisha. Wa figo uko pande zote, hauwashi, na kesho asubuhi upo tena. Kipimo chenyewe hakimalizi hata dakika tano jamani.

Wengine wanaogopa kwamba aleji ikikaa miaka mingi inageuka ugonjwa wa figo. Hapana, mafua ya vumbi hayali figo. Kwa watu wazima wanaoongoza kuharibu figo ni kisukari na presha. Utafiti uliofanyika huku kwetu Kilimanjaro ukachapishwa 2015 ulikuta karibu asilimia 7 ya watu wazima wana ugonjwa wa figo, mjini kama 15 na vijijini kama 2, na wengi hawakuwa wanajua.

Eti dawa za aleji zinaua figo? Setirizini au loratadini kwa dozi ya kawaida haiui figo, ila mwenye figo dhaifu tunampunguzia dozi, basi.

Kinachotisha kweli hamkiulizi. Figo yenyewe inaweza kupata aleji ya dawa, na ngozi yako ikabaki safi bila kipele hata kimoja, manake watu wanasubiri vipele ndo waamini. Dawa zenyewe ni kama diklofenaki ya mgongo, ibuprofeni, omeprazoli ya tumbo, na antibiotiki kama siprofloksasini, hata amoksilini. Unaanza dawa, siku kadhaa au wiki kadhaa baadae unachoka, pengine homa, ukipima damu kreatinini, uchafu ambao figo inatakiwa kuutoa, imepanda. Tukiigundua mapema dawa ikaachwa figo nyingi zinarudi vizuri. Ndo maana nawasumbua kila siku, njoo na mfuko wa pakiti zote ulizotumia, hata tupu, hata chupa ya mitishamba ya bibi. Ukiniambia "vidonge vyeupe vidogo" hujanisaidia kitu na mimi siwezi kukusaidia.

Na nyie mnaotumia enalaprili, kaptoprili au lisinoprili kwa presha, ukiona midomo au ulimi unavimba usimsingizie samaki uliyekula. Ni dawa hiyo inaweza kufanya hivo hata kama umeitumia miaka, na sisi watu weusi inatupata zaidi. Piritoni haishushi uvimbe huo, usimeze ukalala, nenda hospitali usiku huohuo kabla koo halijafunga. Hiyo dawa ya presha usiiguse tena, tutakubadilishia nyingine, ila usikae bila dawa ya presha kabisa.